Mtoto wa Tatu wa Bilgarra

Bilgarra, nje ya Brisbane
Australia
14 Agosti 2005

Kaka Anatoli, shikamoo.

Wifi Gaudence, najua unachungulia begani kwake, nawe nakusalimu. Mama Generoza mpe mikono yote miwili kwa niaba yangu. Sisi wanne tulifika salama mwezi Juni. Hatuumwi, ila midomo imepasuka kwa baridi. Shemeji yako Ndizeye anakusalimu sana. Wanangu Bukuru na Fideli wameshajifunza kusema "hapana" kwa Kiingereza, na wanalitumia neno hilo kutwa nzima.

Ulitaka nikueleze tulipo. Basi sikia. Mji mkubwa uko mbali, sisi tuko pale lami inapoishia. Mtaa una nyumba tisa tu. Baada ya nyumba yetu kuna waya, na ng'ambo ya waya kuna malisho ya mzee mmoja mwenye farasi watatu. Jina lake linanishinda kulitamka, kwa hiyo tunamwita Mzee wa Farasi. Miti ya huku ni mikaratusi, ile ile iliyopandwa kambini Lukole. Nilipoiona nikalia, na Ndizeye akanicheka, eti nimepanda ndege siku mbili kuja kulilia kuni.

Wiki iliyopita wamekuja wapima ardhi. Wamechomeka vigingi vyenye utepe mwekundu kwenye malisho yote mpaka kule bondeni. Mzee wa Farasi ameuza. Bango linasema nyumba mia nne zinakuja. Mia nne, kaka! Na leo hata duka la chumvi hakuna.

Mwambie binti yangu Irine kwamba kumwacha kwa mama haikuwa kumtupa. Karatasi zikikaa sawa nitamwita. Asome kwa bidii.

Dada yako,
Clotilda


Kirushya, Ngara
2 Oktoba 2005

Clotilda, marahaba.

Barua yako ililala Ngara mjini wiki mbili mpaka katekista alipokwenda huko kwa shughuli zake. Huku tu wazima. Maharage yamekubali, migomba ya upande wa mto ina ugonjwa. Mama analalamika miguu lakini mdomo uko imara kama unavyomjua.

Hizo nyumba zako mia nne zisikutie kiwewe. Umesahau Lukole? Nilikuwa nachunga mbuzi pale, kilima kitupu. Mwaka ule walipovuka wakimbizi, kufumba na kufumbua kukawa na mji unaoushinda Ngara mjini, na soko, na kinyozi, na kanisa la mabati. Wewe mwenyewe mume umempata kwenye foleni ya maji ya kule kule. Sasa unarudi kuwa kilima. Malori yanakwenda mpakani Kobero kila wiki, watu wanarudi kwao Burundi. Anayeondoka anang'oa hata mlango. Mimi nimenunua miwili.

Irine amefikisha miaka kumi na ananizidi maneno. Juzi aliniuliza, "Mjomba, siku mama alipoondoka waliita watu kwa majina. Mimi nilikuwa nimeandikwa?" Nikamjibu kwamba hakuwepo, alikuwa shuleni. Nimejibu vizuri? Niambie wewe, maana mimi sijui. Hizo karatasi ni za nini, ziko kwa nani, zinangoja nini?

Kaka yako,
Anatoli


Bilgarra
20 Desemba 2005

Kaka, shikamoo, na heri ya Noeli kwenu nyote.

Sisi hatujambo. Joto la huku linataka kututoa roho. Ndizeye amepata kazi kwenye karakana ya makenchi, anapigilia misumari kwenye mapaa ya nyumba hizi hizi zinazoota nyuma yetu. Ndiyo, zimeanza! Nyumba inasimama kwa wiki nane, inavishwa tofali nje kama mtu anayevaa koti. Malisho hayapo tena. Mitaa imepewa majina ya ndege, na ule wa kona una nyumba kumi na mbili tayari, ila bado hazina watu.

Sasa nikupe kichekesho. Kwenye kona ile ilikamilika nyumba moja nzuri, maua mbele, bendera mbili, taa zinawaka mchana. Nikasema hawa ndio majirani wa kwanza, na mimi sikulelewa kumwona jirani mpya nikakaa kimya. Nikatafuta ndizi za kupika Brisbane nzima, nikapika na maharage, nikavaa kitenge kile alichonipa Gaudence siku ya harusi yenu, nikaenda. Mlango wazi. Hodi, kimya. Hodi, kimya. Nikaingia. Meza imeandaliwa sahani sita na matunda katikati. Nikagusa tufaha, plastiki. Televisheni ni boksi tupu. Nikapita mpaka chumba cha msichana, kina pazia la waridi, vitabu, hata jina la mtoto liko ukutani. Nikakaa kitandani nimsubiri mwenye nyumba. Loo! Chini ya shuka hakuna godoro, ni ubao mtupu.

Nilikaa pale muda mrefu, kaka, sufuria mapajani. Mwishowe akaja dada mmoja mwenye kadi kifuani. Nikamuuliza wenyewe wako wapi. Akasema hakuna wenyewe, hii ni nyumba ya kutazamwa ili watu wanunue zingine. Nikataka ardhi inimeze. Lakini ndizi zangu alizila, akalamba na kijiko.

Kuhusu karatasi, vuta subira. Ndizeye anafuatilia.

Clotilda


Kirushya
26 Februari 2006

Clotilda, marahaba.

Gaudence alicheka mpaka akamwaga uji. Mama alisema wewe toka utotoni unaingia nyumba za watu. Na mimi nilicheka. Kisha nikageuza ukurasa nitafute jibu la swali langu, nikakuta mstari mmoja. Kurasa nne za nyumba, mstari mmoja wa mtoto! Wewe Clotilda wewe, unaniona mimi ni mtu wa kupigwa danadana?

Lukole imebaki mabaka mabaka. Wanasema watafunga kabisa. Watu hawatulii, leo wanasema wanakwenda, kesho wanafungua mizigo. Hata sisi wenyeji tumeshikwa na ugonjwa huo. Najikuta nasimama njiani kutazama malori kama sina shamba.

Irine yuko darasa la tano, na mwaka jana alishika nafasi ya pili. Barua zako hataki kuzisikia. Nikianza tu kumsomea mama, anatoka kwenda kukata majani ya mbuzi. Nikimaliza anaingia. Basi nazirundika juu ya kabati.

Ndizeye anafuatilia nini, kwa nani? Nijibu kama mtu niliyekubeba mgongoni.

Anatoli


Bilgarra
11 Juni 2006

Kaka, shikamoo.

Usinikasirikie. Nachelewa kuandika kwa sababu ya kazi, nafunga kuku kwenye vifurushi tangu alfajiri. Watoto wazima. Fideli ameng'oka meno mawili. Poleni na migomba.

Hapa pamechangamka mpaka huwezi kupajua. Mtaa wa kona sasa una nyumba kumi na nne zenye watu kweli kweli. Kuna Wafilipino, kuna mama wa Kisudani mwenye watoto wanne, kuna Wazungu vijana wanaosukuma vitoto jioni. Duka limefunguliwa. Basi linafika, ila ilibidi wakazi tulipiganie. Na kuna kiwanja kikubwa kimewekwa kwa ajili ya shule, lakini serikali inasema haijengi mpaka ithibitishe kwamba watoto wapo wa kutosha. Watu wakafanya mkutano kwenye gereji ya Mzee wa Farasi. Alibakiwa na nyumba yake na farasi mmoja aliyezeeka, na yeye ndiye anayepiga kelele kuliko wote kwamba watoto wapate shule.

Akaja mama mmoja na daftari, nyumba hadi nyumba. Akaniuliza watoto wangu wa shule ni wangapi. Nikasema watatu. Nikamtajia Bukuru, Fideli, Irine. Akaandika. Ndizeye alikuwa amesimama nyuma yangu, akanitazama. Wiki ile ile akaleta mabaki ya mbao za makenchi, akaunda kitanda, akakiweka kwenye chumba kidogo tusichokitumia. Bado godoro tu.

Umeniuliza karatasi. Kuna mahali Ndizeye hakujaza vizuri kule Lukole. Ni mambo ya ofisi, wanatuzungusha. Naomba usinibane, kaka, nami silali vizuri.

Clotilda


Kirushya
30 Julai 2006

Clotilda, marahaba.

Barua nimeipata upesi safari hii. Tu wazima. Irine hajambo. Kiangazi kikali, vumbi tupu. Mama anakusalimu. Nimefurahi kusikia habari za shule. Nina safari, sitaandika mengi. Irine hajambo.

Anatoli


Bilgarra
1 Oktoba 2006

Kaka, shikamoo.

Kulikoni? Umeniandikia mistari ambayo haijai hata kiganja. Hujanigombeza. Hujauliza karatasi. Na umeandika "Irine hajambo" mara mbili. Wewe ulipompoteza mbuzi wa baba ulisema "mbuzi wapo" mara mbili, baba akachukua fimbo pale pale, maana hata yeye alikujua.

Nimepiga ile namba ya katekista mpaka kidole kinauma, simu inaita tu. Huku wamemwaga msingi wa shule, wamechora na uwanja wa mpira, watu wanakwenda kutazama kila jioni kama sinema. Mimi nimekwenda mara moja nikarudi. Naanza kupika naacha, naanza kufua naacha. Niambie kuna nini. Kama ni msiba niambie msiba.

Clotilda


Kirushya
19 Novemba 2006

Clotilda, marahaba.

Si msiba. Kaa chini usome. Irine yupo, ninavyoandika anapukuchua mahindi na bibi yake. Lakini nilipokuandikia ile barua ya Julai sikujua kama yu hai.

Alimuaga mama kwamba anakwenda kuchuma maharage kwa rafiki yake Rozalia. Alitembea kutwa nzima mpaka Lukole. Sokoni alikuwa amesikia kwamba ofisi inaandika majina ya mwisho kabla ya kufunga kambi. Yeye akilini mwake orodha ni moja tu, ile iliyokupeleka wewe. Akapanga foleni. Akasema anaitwa Irine binti Ndizeye. Mama mmoja, Esperansia, akadhani ni mtoto aliyepotezana na wazazi, akamhurumia, akamwandikisha na wanawe. Wakapanda lori. Wakavuka Kobero. Kule Muyinga waliposhushwa, mwanao akauliza ndege iko wapi.

Alikaa kwa Esperansia siku kumi na moja. Mungu ambariki yule mama, alimlisha na yeye mwenyewe hana paa. Sisi huku tulizunguka mito, visima, vichaka. Aliporudishwa mpakani nilikwenda kumchukua. Hakulia. Alisema tu, "Mjomba, ile haikuwa orodha yenyewe."

Begi lake lilijaa barua zako. Nilidhani ziko juu ya kabati. Nyuma ya kalenda ya parokia amechora Bilgarra yote, waya, farasi, mtaa wa kona, duka, kiwanja cha shule. Kila barua ikija alikuwa anaongeza nyumba.

Sasa neno la mwisho. Nilipokuwa namtafuta, karani wa kambi alinifungulia faili la Ndizeye. Watu wanne. Hakuna mahali palipokosewa. Mwanamume aliandika jina lake, na swali la watoto ulijibu wewe na ukatia dole gumba wewe. Ndizeye hakukosea kitu.

Sijamwambia mtoto. Mama pia hajui. Sitamwambia mimi. Utamwambia wewe, kwa mkono wako.

Anatoli


Bilgarra
4 Februari 2007

Irine mwanangu,

Mjomba anisamehe, safari hii simwandikii yeye. Najua unazisoma, basi hii ni yako, usiifiche kwenye begi. Msalimu bibi. Msalimu shangazi Gaudence, mwambie nimeota kitenge kile kimechanika.

Nilikuzaa nikiwa msichana wa nyumbani, sijaolewa bado, hapo hapo Kirushya. Kwetu mtoto wa namna hiyo ni wa nyumba ya bibi. Bibi alikupa jina, bibi alikufunga kitovu. Nilipoolewa na Ndizeye nikaenda Lukole, wewe ukabaki, na hakuna aliyeona ajabu. Siku ya mahojiano karani akauliza, "Watoto wako wangapi?" Nikasema wawili. Ndizeye akanigusa na kiwiko, akaninong'oneza, "Na Irine?" Nikamwambia Irine ni wa mama.

Nilipotoka pale nilijua nimekosea. Kabla ya kufika kisimani nilijua. Ningerudi kesho yake kusema. Lakini familia iliyotutangulia walibadili maneno yao, faili lao likafungwa. Nikaogopa. Niliitaka ndege ile, Irine. Nikanyamaza mwezi wa kwanza, nikanyamaza wa pili, mpaka tukapanda. Kisha nikamsingizia Ndizeye mbele ya mjomba wako. Yeye alikutaja. Mimi ndiye niliyekuacha.

Shule imefunguliwa Jumatatu iliyopita. Ina harufu ya rangi mpya, madirisha makubwa, na mti mmoja wa mkaratusi waliouacha katikati ya uwanja. Mzee wa Farasi alikuja na suti. Ukumbini nje ya madarasa wamepigilia vyuma vya kutundikia mabegi, juu ya kila kimoja jina la mtoto, kutoka kwenye lile daftari la nyumba hadi nyumba. Nikaona Bukuru. Nikaona Fideli, darasa la wadogo. Nikaenda mpaka mwisho, darasa la saba, maana huku wanapanga kwa umri, nikaona Irine. Mwalimu akatabasamu akaniuliza, "Na huyu wa tatu yuko wapi?"

Nikakishika kile chuma chenye jina lako. Watoto wote walitundika mabegi yao, kile kikabaki kitupu. Nilikimbia kama mwizi.

Kesho yake sikwenda kazini. Nikaenda ofisi ya uhamiaji na mama mmoja anayejitolea kusaidia wageni. Nikasema, nilidanganya, nina watoto watatu. Yule bwana akaacha kuandika akaniangalia. Anasema huenda wakakataa. Huenda wakafungua upya hata faili langu mimi. Huenda ikachukua mwaka au zaidi. Ndizeye alinisubiri nje, na tuliporudi alipika yeye.

Wanahitaji kitu kimoja kutoka kwako, barua ya mkono wako inayosema wewe ni nani na kama unataka kuja. Kama hutaki, usiandike. Sitakulaumu. Nitaendelea kutazama sanduku la barua, lakini hilo ni langu.

Mama yako,
Clotilda


Kirushya
25 Machi 2007

Mama, shikamoo.

Huku tu wazima. Bibi anaumwa miguu. Bibi amesomewa barua yako na mjomba, akasema kosa lingine ni lake kwa sababu alikuwa anawaambia watu wote kwamba mimi ni mtoto wake. Shangazi Gaudence anasema kitenge kikichanika umrudishie kingine. Mama Esperansia ametutumia salamu kutoka Muyinga, amepata shamba.

Lukole hakuna kitu tena. Nilikwenda na mjomba kung'oa miti ya mwisho ya vibanda. Nilimwonyesha nilipopanga foleni.

Ramani yangu ina nafasi ya shule lakini sikujua kama mkaratusi uko katikati au pembeni. Sasa nimeuchora. Umesema mtaa wa kona una nyumba kumi na nne. Ile ya plastiki umeihesabu?

Sijakusamehe bado. Mjomba anasema nisiandike hivyo. Mimi nimeandika, kwa sababu nawe umeandika yako yote. Nilikaa siku nyingi sitaki kujibu ili uendelee kutazama sanduku. Kisha nikaona wakilifuta jina langu pale shuleni wataweka mtoto mwingine.

Barua ya ofisi iko ndani, karatasi ya pili. Nimeandika mimi ni Irine, nimezaliwa Kirushya, mama yangu ni Clotilda, nataka kuja. Nimeandika pia kwamba likizo nitarudi kumwona bibi, kwa hiyo wasinizuie. Mwalimu ameisoma, hakuna makosa.

Lakini wewe una kosa moja ulirekebishe. Umewaambia kwamba mimi ni mtoto wa tatu. Mimi si wa tatu, mama, mimi ni wa kwanza. Nenda uwaambie waanze na mimi, halafu Bukuru, halafu Fideli.

Na kile kitanda kiwekee godoro sasa hivi. Usingoje karatasi.

Mwanao,
Irine